Kilichoharibika Hubadilishwa

Jioni hiyo Jawad Sqalli, meneja wa duka kubwa kuliko yote mjini Meknes, alitoka ofisini kwenda kutafuta maji ya moto. Si ya chai. Laiti yangekuwa ya chai!

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, naye Jawad alikuwa akiteleza tangu asubuhi. Majokofu ya maziwa yalizima. Wasichana wa kaunta za malipo waligombana mbele ya wateja. Bwana mmoja alimwekea tikiti maji lililooza juu ya viatu, akataka lingine, naye Jawad akampa huku akitabasamu kwa meno tu. Afanyeje? Bango la kijani mlangoni lilisema wazi: KILICHOHARIBIKA HUBADILISHWA. Maneno hayo aliyatamka mara nyingi kwa siku, mpaka ulimi wake ukawa unayasema bila kumuuliza mwenyewe.

Na kesho asubuhi mkurugenzi, Bwana Tazi, alikuwa anakuja kutoka Casablanca kukagua. Na duka lilikuwa linanuka.

Harufu ilitoka kwenye tundu la maji machafu, nyuma ya kaunta ya samaki. Lakini haikuwa ya samaki. Ilikuwa harufu ya damu ya zamani. Kabla ya duka, hapo palikuwa na machinjio.

"Baba, jino linacheza," Ghita alikuwa amemwambia alipokuwa akitoka. Binti yake huyo alikaa juu ya meza ya ofisi, bakuli la zeituni mapajani. Mama yake alikuwa muuguzi, zamu ya jioni, kwa hiyo mtoto alingojea dukani kila siku baada ya shule. Zeituni za chumvi alizila kama wenzake wanavyokula peremende, na kokwa alizipanga safu moja ukingoni mwa meza.

"Likitoka tutalirushia jua?"

"Tutalirusha."

"Na nitasema, 'Jua, chukua jino la punda, unipe la swala'?"

"Utasema, mama'ngu. Sasa kaa hapo hapo, usishuke."

Alimbusu utosini. Siku nzima, huyo peke yake ndiye hakuwa amemlalamikia.

Bi Mbarka, mama msafishaji, alimkuta akitoka jikoni kwa wachoma kuku, amebeba sufuria inayofuka mvuke.

"Unayapeleka wapi hayo, bosi?"

"Kwenye tundu. Si nilikuambia uondoe ile harufu? Umeondoa?"

"Saa hii? Magharibi ndiyo hii inaingia! Na hata mchana humwagi maji ya moto bila kuwaomba ruhusa wenye mahali. Ngoja nimwage maziwa kidogo, wapishe, wana watoto wao..."

"Maziwa!" Jawad alicheka kwa uchungu. "Yameniharibikia majokofu mazima, na wewe unataka kuwanywesha majini! Nimechoka, Bi Mbarka. Nimechoka na wewe, nimechoka na duka, nimechoka na kila mtu anayejua kazi yangu kuliko mimi. Nenda ukapanguse mlangoni."

Mama alimtazama sana.

"Basi useme bismillahi, mwanangu. Hiyo haina hasara."

Hakusema. Si kwamba hakuamini. Bibi yake alimlea kwa maneno hayo hayo. Aliona tu kwamba akisema, atakuwa ameshindwa na mtu mwingine tena siku hiyo. Hasira hizo, jamani!

Akamwaga.

Maji yaliingia kwa kishindo, mvuke ukampiga usoni. Kisha, chini kabisa...

Mlio. Mwembamba. Mfupi.

Kama wa mtoto.

"Bomba," alijiambia. "Ni bomba tu."

Harufu ilikatika papo hapo. Adhana ikaanza kusikika kutoka msikiti wa jirani. Jawad alitua sufuria, akashusha pumzi. Angalau jambo moja lilikuwa limenyooka.

"Meneja ni nani hapa?"

Alifumba macho kwa kuchoka. Alipogeuka, alimwona mwanamke amesimama hatua chache kutoka kwake, huku nyuma ambako wateja hawaruhusiwi. Alivaa kanzu ya rangi ya majivu, kofia iliyoshonwa kwenye kanzu hiyo imemfunika macho, upindo wake umelowa chapachapa. Kifuani alikumbatia mtoto aliyefungwa kwenye shuka. Mguu mmoja tu ulionekana. Mwekundu. Ngozi inabanduka.

Mtoto hakulia.

"Mwanangu ameungua," mwanamke alinong'ona.

"Pole sana, dada. Duka la dawa liko ng'ambo ya barabara."

"Sisi hatuvuki barabara."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Wewe ndiye mwenye amri hapa?"

"Ndiye mimi!" alijibu kwa ukali, maana tangu asubuhi kila mtu alikuwa amemfanya zulia la kupangusia miguu.

"Mtu akiharibiwa kitu chake humu ndani... mnamfanyia nini?"

Ulimi ulitangulia.

"Kilichoharibika hubadilishwa, dada. Ndiyo sheria ya duka."

"Umesema."

"Nimesema. Sasa nenda kwenye kaunta ya..."

"Umesema," alirudia kwa upole, kama mtu anayeshukuru.

Taa zilipepesa. Harufu ya damu ilirudi, nzito, ikamjaa mdomoni. Taa zilipotulia hapakuwa na mtu. Pale aliposimama mwanamke, sakafu ilikuwa kavu.

Ndipo Jawad alipokumbuka ofisi.

Alipanda ngazi mbio. Kila kipandio kilikuwa na alama ya maji. Nyayo za mtu mzima, zinapanda, zinashuka.

Ghita alikuwa palepale mezani. Mikono mapajani, ametulia.

"Umeshuka?"

"Sijashuka."

"Kuna mtu amekuja hapa?"

Jawad alimpa zeituni moja. Mtoto akaitia mdomoni. Mara uso ukamkunjamana, akaitema ukutani, akapiga ukelele.

"Chumvi!"

Nyumbani, mama yake aliporudi kutoka zamu na kumvua soksi, alishtuka. "Nani amemuunguza mtoto?" Mguu wa kulia ulikuwa mwekundu, ngozi inabanduka. Jawad alisema ni ajali, maji ya moto dukani, na hakuwa amedanganya. Mkewe alimfokea mpaka sauti ikamkauka. Alipokwenda kutafuta dawa, Jawad alimfungua mtoto mdomo, akagusa lile jino kwa kidole. Halikucheza. Lilikuwa imara, kana kwamba halijawahi kucheza kamwe.

Asubuhi Bi Mbarka alisikiliza habari yote. Jawad alipofika kwenye swali la yule mwanamke, mama yule aliketi juu ya kreti la samaki.

"Ukamjibu nini?"

Jawad alimwambia.

"Wao chumvi hawaigusi," alisema mama yule. "Na ahadi hawaisahau. Maji yamemwagika, mwanangu, hayazoleki."

"Nifanye nini? Niambie!"

"Huyo uliye naye, umlee vizuri. Usimpige, usimfukuze. Utakavyomtenda huyo wao, ndivyo watakavyomtenda wako."

"Na wangu yuko wapi?"

Bi Mbarka aliangalia tundu, kisha akaangalia mikono yake. "Usiniulize mimi."

Bwana Tazi alikuja, akanusa huku na huku, akafurahi. Duka halikuwa na harufu yoyote. Palepale alimpa Jawad lile alilolililia miaka yote: duka la Casablanca, lenye mshahara mnono na nyumba karibu na bahari.

"Sihami," Jawad alisema.

"Una wazimu?"

"Labda, bwana. Lakini sihami."

Tangu hapo, kila magharibi, humwaga maziwa baridi kwa mkono wake, akasema bismillahi kwa sauti, hata wateja wakageuka. Kisha huweka bakuli la zeituni kando ya tundu. Kila asubuhi bakuli ni tupu, na kokwa zimepangwa safu moja sakafuni. Wavulana wa kaunta ya samaki husema ni panya. Panya gani anapanga?

Nyumbani hupika mwenyewe, bila chumvi. Mkewe hunung'unika kwamba chakula hakina ladha, naye hukubali tu. Mtoto humwita baba kwa sauti tamu, hulala kichwa kikiwa begani kwake. Jawad humbembeleza kwa woga, na siku nyingine, jambo linalomkasirisha kuliko yote, humbembeleza kwa mapenzi.

Asubuhi moja, mwishoni mwa safu ya kokwa, alikuta kitu cheupe.

Jino.

Alilishika kiganjani, akatoka mbio hadi kwenye uwanja wa magari. Jua lilikuwa linachomoza juu ya vigari vya wateja.

"Jua," alisema, "chukua jino la punda... umpe la swala."

Akalirusha kwa nguvu zake zote. Kisha akalia mbele ya watu, meneja mzima, na hakujali.

Jioni hiyo mkewe hakuwa na zamu; Jawad aliporudi nyumbani, mtoto alikuwa akimngoja mlangoni. Alitabasamu, meno yote yamo kinywani.

"Baba," alisema, "anasema ahsante."