Mpangaji wa Damu

Vichupa vilikuwa kumi na nane. Rejista ilisema kumi na saba.

Chapchap alivihesabu tena, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza, vikatoka kumi na nane vile vile. Akakiinua kile cha ziada. Hakikuwa na lebo. Vingine vyote vilikuwa vimepoa tangu asubuhi, lakini hiki kilikuwa cha moto, moto wa damu iliyotoka mwilini dakika hiyo.

"Dada," alimwita karani wa mapokezi kupitia kidirisha, "hiki umenipa cha nani?"

"Nimekupa kumi na saba, kaka. Nimesaini na wewe umesaini."

"Hapa vipo kumi na nane."

"Basi kimoja kimezaa," karani akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Chapchap halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Hospitali ndiyo iliyombandika, kwa sababu majibu ya maabara yake yalitoka mbio. Daktari akituma damu saa nne, saa tano karatasi iko mezani: ini, figo, tezi ya shingo, moyo. Miaka kumi na moja alikuwa amekaa katika chumba kile chenye harufu ya spiriti, akisoma damu za watu kama wenzake wanavyosoma magazeti. Alijua kimeng'enya kipi hupanda ini likichoka, na homoni ipi hushuka tezi ikilala. Alijivunia hilo, na hakupenda kuonekana ameshindwa kitu.

Mtu mwingine angekitupa kichupa kile. Yeye, kwa ubishi tu, akakiweka kwenye sentrifuji pamoja na vingine, ile mashine inayozungusha damu hadi maji yake yajitenge na wekundu. Akafunga kifuniko, akabonyeza.

Mashine ikaanza kuvuma kama kawaida yake. Kisha mvumo ukakatikakatika. Ta-ta-ta-ta-ta, ukatulia. Ta-ta-ta-ta-ta, ukatulia tena, kama sindano inayopita kwenye kitambaa kizito, ikifika pembeni inageuzwa, halafu inaendelea. Na pale, katikati ya harufu ya spiriti, ikaingia harufu nyingine: mafuta ya cherehani, na nguo iliyopigwa pasi sasa hivi.

Chapchap akajua ni damu ya nani.

Wiki tatu kabla, saa tano asubuhi, alikuwa amekuja fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, akiwa na mama yake. Taya lilikuwa linamuuma, mkono wa kushoto unakufa ganzi, na jasho linamtoka kama aliyemwagiwa ndoo. Hata hivyo alikuwa na utani. Wakati Chapchap anamfunga mpira mkononi, aliliangalia koti lake jeupe akasema, "Kaka, aliyekushonea hili ni adui yako. Nikipona nitalirekebisha, bure kabisa."

Daktari alikuwa ameandika kipimo kimoja tu: kimeng'enya cha moyo, kile kinachovuja kwenye damu msuli wa moyo unapoanza kufa. Chapchap akafungua jokofu na kukuta dawa za kupimia zimekwisha. Zilikwisha tangu juzi yake, na mwenye kazi ya kuagiza alikuwa yeye, naye alisahau. Angeweza kusema. Hospitali kubwa ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Lakini kusema kungemwaibisha, na huyu mwanamke alikuwa kijana, anacheka, anatembea kwa miguu yake. Akaandika 21. Pembeni akaandika: kawaida.

Daktari alisoma, akampa dawa ya gesi tumboni. Kesho yake mchana fundi alikutwa ameinamia cherehani yake, shavu juu ya gauni la mteja, mguu bado uko kwenye kanyagio.

Hakuna aliyeuliza kitu. Chapchap alijiambia angekufa tu, hata kama angepimwa mara mia, akajiambia hivyo kila siku mpaka akaanza kuamini.

Sasa mashine ya vipimo ilikuwa imetoa karatasi bila kuombwa. Kichupa kisicho na lebo. Kimeng'enya cha moyo: mara arobaini ya kiwango cha kawaida.

Akaichana ile karatasi, akaitupa kwenye ndoo ya takataka za kuchomwa, na kichupa nacho.

Kesho yake kikarudi, cha moto vile vile, lakini jibu lilikuwa jingine. Safari hii mashine haikutaja moyo. Iliandika homoni ya mimba: 14. Chapchap akapumua. Kumbe ni mjamzito fulani tu, mimba changa, karani ndiye mzembe. Keshokutwa yake ikaandika 29. Siku mbili mbele, 57. Namba ilikuwa inajizidisha maradufu kila baada ya siku mbili, kama inavyotakiwa mtoto anapokua vizuri. Siku iliyosoma 115, kichupa kilikuwa na jina. Halikuandikwa kwa kalamu. Liliandikwa kwa chaki, ile chaki bapa ya kuchorea vitambaa, na lilisomeka: CHAPCHAP.

Ilikuwa saa saba mchana, wenzake wamekwenda kula, jua linawaka dirishani na barabara nje imejaa watu. Alifunga mlango kwa ufunguo. Akajifunga mpira kwa meno, akajichoma mwenyewe, akatazama damu yake ikipanda kwenye kichupa, akaiweka kwenye mashine peke yake, pasipo kichupa kingine chochote karibu, akasimama hapo mikono imeshikilia ukingo wa meza huku ile sauti ya sindano ikipita na kurudi, ikipita na kurudi, ikikaribia kana kwamba haitoki tena kwenye mashine bali chini ya mbavu zake, mpaka karatasi ikatoka na akaisoma mara tatu kabla macho yake hayajakubali.

115.

Alimfuata daktari. Daktari alisoma, akavua miwani.

"Hii ni damu yako?"

"Yangu."

"Chapchap, mwanamume hana homoni hii. Akiwa nayo, sisi tunaisoma kama alama ya uvimbe, uvimbe mbaya. Vua shati."

Akapigwa picha juu mpaka chini, nje na ndani. Hapakuwa na uvimbe. Daktari akazirudia picha, akasema "safi" kwa sauti ya mtu asiyependa alichokiona. Siku nane baadaye homoni ilifika elfu moja na mia nane, na Chapchap akaanza kutapika asubuhi.

Mkewe ndiye aliyeanza kunusa. "Unatoka wapi wewe? Mbona unanukia kama kiwanda cha nguo?" Mwanzoni alidhani ni mwanamke, akanuna siku mbili. Siku ya tatu walikuwa wamekaa sebuleni, akaliegemea tumbo la mumewe kama alivyozoea, kisha akanyanyuka ghafla, mkono mdomoni.

"Kuna kitu kimecheza humo," alinong'ona.

"Gesi."

"Mume wangu, mimi nimezaa watoto watatu. Usiniambie gesi."

Wakaenda kwa shangazi wa mkewe. Mama huyo hakuwa na vibuyu wala manyoya. Alikuwa mwalimu mstaafu mwenye miguu mibovu, ila tangu usichana wake watu walimjua kwa kuweza kuzungumza na wasioonekana. Aliwakalisha, akashusha mapazia, akaweka beseni la maji baina yao. Akamshika Chapchap viganja.

"Hodi," alisema, si kwa Chapchap. "Nani mgeni?"

Chapchap alitaka kusema haoni mgeni yeyote. Mdomo wake ukafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito na tulivu, naye akawa anaisikia kama redio ya jirani ukutani.

"Mimi si mgeni. Mgeni ana kwao. Mimi ni mpangaji, nyumba yangu mmeizika."

Mkewe akasogeza kiti nyuma.

"Ulikuwa unakaa kwa nani?" shangazi akauliza polepole.

"Kwa fundi. Nilimpenda tangu ana miaka tisa, mguu wake haujafika kwenye kanyagio. Miaka ishirini na nne nimekaa kwenye damu yake, nasikia moyo wake usiku na mchana. Ulipoanza kuugua niliujua kabla yake. Mimi ndiye niliyemtia lile jasho, ili mama yake aogope. Mimi ndiye niliyemsukuma mpaka hospitali. Nikafanya yote awezayo mtu wa jinsi yangu. Nikaiacha damu iseme yenyewe." Sauti ikatulia, na maji ya beseni yakaanza kutetemeka ingawa hakuna aliyeligusa. "Mwulize huyu kilichotokea kwa damu."

"Mume wangu," mkewe alisema, "anaongea kuhusu nini?"

Chapchap alijaribu kujibu. Ulimi haukuwa wake.

Shangazi akaingilia. "Tumesikia. Unataka nini utoke? Marashi? Kitambaa? Useme tu, tutakupa."

Sauti ikacheka, na kicheko kile kilimuuma Chapchap mbavu zote.

"Sikuja kuhongwa, mama. Aende kwa mama yake fundi. Amtajie namba aliyoiandika, kwa mdomo wake. Mama yule ndiye mwenye neno. Akisema nitoke, nitatoka leo hii."

Ilipomwachia, Chapchap aliangukia beseni, akalia. Akawaeleza yote, la dawa zilizokwisha, la 21, la kawaida. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. Hakumgusa. Alisema tu, "Nenda. Nenda sasa hivi," na macho yake hayakuwa ya mke tena, yalikuwa ya mtu aliyewahi kuwapeleka watoto wake watatu kupimwa damu kwa mwanamume huyo.

Mama wa fundi alikaa chumba kimoja na ukumbi, nyuma ya safu ya maduka. Alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Chapchap alimwamkia, akajitambulisha kuwa ni yule wa maabara. Mama akaweka ungo chini, akamkaribisha ndani kwa adabu, akampa kiti. Kwenye kona cherehani ilikuwa imefunikwa shuka.

Alisema yote bila kupumzika, akiangalia sakafu. Alipomaliza akasikia maji yakidondoka bombani huko uani.

"Namba gani uliandika?" mama akauliza.

"Ishirini na moja, mama."

"Saa ngapi?"

"Saa tano na nusu."

"Saa tano na nusu tulikuwa kwenye benchi, hapo nje ya dirisha lako. Aliniambia, mama usijali, hawa wakisoma damu hawakosei." Alisema hivyo bila kupaza sauti. "Ungetutoa hata kwa matusi, tungekwenda kwingine."

"Nisamehe, mama. Njiani nimeiandikia hospitali barua ya kukiri, kesho watanifukuza kazi. Lakini kuna jambo jingine." Akashika tumbo. "Yumo humu. Yule aliyekuwa naye. Amesema wewe ndiye mwenye neno. Ukimwambia atoke, atatoka."

Mama akafanya kitu ambacho Chapchap hakukitegemea. Alisimama, akajitanda khanga yake vizuri kichwani, akaivuta mpaka karibu na uso, kwa haya, kama mama yeyote anayekutana na mwanamume aliyemwoa binti yake. Akakaa chini mkekani, mbele ya tumbo la Chapchap.

"Mkwe," aliita kwa upole. "Upo?"

Mdomo wa Chapchap ukafunguka. "Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pole na msiba, mwanangu. Sikukuona mazishini, lakini nilijua ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mama. Nilikuwa miguuni kwake."

Mama akafuta macho kwa pindo la khanga. Chapchap, ndani ya mwili wake mwenyewe, alipiga kelele ambazo hazikufika popote. Alitaka kumshika mama yule mikono, kumwambia sema, sema neno moja tu, lakini mikono ilikuwa imetulia magotini, imekunjwa kwa heshima, mikono ya mkwe aliyekuja kusalimia.

"Unakaa vizuri humo?"

"Pamebana kidogo."

"Vumilia. Patapanuka." Mama akaweka kiganja chake juu ya tumbo, na kilichokuwa ndani kikageuka kukifuata kiganja, kama paka. "Huyu bwana anasema nikikuambia utoke, utatoka."

"Nitatoka, mama. Neno lako tu."

Mama akafikiri. Nje mtu alipita akiuza vitu, akiita bei, sauti ikafika na kupotea.

"Basi usitoke," alisema. "Kaa humo humo. Kula anachokula, lala anapolala. Na kila Ijumaa umlete hapa, nipate wa kuzungumza naye."

Hospitali ilimfukuza kazi. Daktari huendelea kumpima, siku hizi kwa siri, na namba hazitoshei tena kwenye mashine. Mkewe aliwachukua watoto. Na kila Ijumaa mchana watu wa nyuma ya maduka humwona mwanamume mwenye tumbo kubwa akiingia kwa yule mama, miguu yake ikitangulia kama inayomburuta. Hukaa hapo saa nzima. Mama humweleza habari za mtaa, humsimulia fundi alivyokuwa mdogo, na sauti nzito humjibu na wakati mwingine hucheka.

Juzi ulimi ulimlegea kidogo wakati wa kuaga, ukawa wake kwa pumzi moja.

"Mama," Chapchap alinong'ona haraka, "mpaka lini?"

Mama hakumtazama hata usoni. Aliinama kwenye tumbo, akarekebisha khanga yake, akasema, "Haya mkwe, tukijaliwa, Ijumaa."