Chaja ya Fundi

"Hivi hiyo kompyuta yenu inaumwa nini isiyopona?" jirani aliniuliza siku moja, kaegemea ukuta wetu. "Kila Jumamosi fundi! Hata mgonjwa haendewi hivyo na daktari."

Nilicheka, nikaendelea kukata kitambaa. Lakini swali lile lilinikaa moyoni.

Mimi ni mshonaji, na mjane. Nakaa na binti yangu, karani wa duka la dawa. Mchumba wake ni nesi, na kituo chake cha kazi kiko mbali, safari ya siku mbili. Kila jioni wakitoka kazini walikuwa wanacheza gemu la magari kwenye kompyuta, huyu huku, yule kule, simu iko wazi, wanataniana. Nilidhani ni utoto, mpaka nilipoona binti anavyorudi nyumbani mbiombio. Kwao huko ndiko kukaa pamoja.

Kompyuta yenyewe ni ya mitumba, nguvu zake ndogo, ila ilikuwa inakwenda. Kisha kitufe kimoja kikang'oka, tukamwita fundi wa mtaa wa pili, kijana mpole. Akakirudisha. Akaiangalia na chaja yetu, akasema imekufa, itatuunguzia nyumba. Akaondoka nayo, akatuachia nyingine ndogo.

Baada ya hapo gemu likaanza kukwamakwama. Gari linakimbia, linaganda, ukistuka liko ukutani.

"Umelala?" Nesi aliuliza kwenye simu.

"Inakwama, jamani!"

"Kila siku inakwama. Mbona zamani haikukwama?"

Basi fundi akawa anakuja. Jumamosi hii anapuliza vumbi kwenye feni. Jumamosi ile anafunga programu zinazojiwasha zenyewe. Nyingine anapunguza ubora wa picha. "Mashine ipumue, mama," ananiambia. Akimaliza anachomeka chaja ya kwenye begi lake, ya majaribio, na gari linateleza kama limepakwa mafuta. Anakunywa chai, anakataa malipo, anaaga. Jumapili gari liko ukutani.

Wiki ya tisa Nesi akatuma ujumbe. Binti alinipa simu nisome mwenyewe:

"Kama kuna mtu anayekuchukua mawazo, niambie. Wazee wangu wanakuja kwenu tarehe ishirini. Nisije kuwasafirisha bure."

"Umemjibu nini?"

"Nimjibu nini, mama? Nimemwambia ni kompyuta mpaka nimeona aibu."

Nilisali, nikalala. Mungu hufungua macho kwa wakati wake.

Jumamosi fundi akaja. Nilikuwa napita na chai yake nikaona waya wa ile chaja ya majaribio. Katikati umezungushwa utepe mweusi wa umeme, na pembeni ya utepe kumechomoza kauzi. Ka kijani.

"Fundi, chaja hii umeitoa wapi?"

"Ya kazini, mama."

"Hebu nipe niishike."

"Ina umeme."

"Ichomoe."

Aliichomoa taratibu. Nikachukua mkasi wangu, nikakata ule utepe. Ndani kulikuwa na kitambaa cha kijani, nilichoushonea waya huo mwenyewe mwaka jana ulipoanza kuchubuka.

"Mimi kompyuta siijui," nikamwambia. "Lakini mshono wangu naujua."

Binti alisimama.

"Si ulisema imekufa?"

"Haikufa."

"Na hii uliyotuachia?"

"Ndogo. Umeme wake hautoshi, kwa hiyo mashine inajipunguza kasi. Ndiyo maana gemu linakwama."

"Ulijua?"

Fundi alitazama bisibisi yake.

"Siku ile ya kitufe tuliongea vizuri. Nikaona kikipona tu, sina tena sababu ya kuja hapa."

"Ungebisha hodi ukasalimia."

"Kisha niseme nini, dada? Una mchumba."

"Kwa hiyo ukaamua nisiwe naye."

"Yeye sikumfikiria kabisa."

"Hata mimi hukunifikiria. Umeniona nikilia hapa hapa kwenye kiti hiki, ukanipa pole. Pole! Na chaja yangu iko kwenye begi lako!"

Nilidhani ataondoka, lakini alibaki amekaa, kikombe mkononi. Pengine alisubiri kufukuzwa. Hakuna aliyemfukuza.

Binti alichomeka chaja yetu, akapiga simu, akaiweka mezani.

"Fungua gemu."

"Ili uniambie imekwama?" Sauti ya Nesi ilikuwa nzito.

"Wewe fungua, baba. Ukishindwa usitafute sababu."

Wakaanza. Gari la binti likapita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"We! Nani kakufundisha?"

"Chaja yangu imeonekana."

"Chaja gani tena?"

"Nitakusimulia yote, na wewe utaniomba radhi kwa ule ujumbe."

"Nakuomba sasa hivi. Niliongea vibaya. Lakini punguza mwendo basi!"

"Sipunguzi! Wazee waambie wafunge mizigo."

"Tarehe ishirini?"

"Hiyo hiyo. Na wewe angalia mbele, utagonga!"

Nesi aligonga. Binti akacheka, kile kicheko chake cha kurudisha kichwa nyuma na kupiga meza kwa kiganja. Sikuwa nimekisikia tangu siku ya kitufe. Jumamosi tisa fundi alikaa pale karibu yake, akipuliza na kufungua na kufunga, na hakuwahi kukipata hata kimoja.

Sasa alikuwa anamtazama. Binti hakugeuka.

"Fundi," nikasema, "chai yako inapoa."

Alikiweka kikombe chini. Akachomoa chaja yake ndogo ukutani, akaukunja waya wake vizuri kama mtu mwenye kazi nyingine mbele, akaitia mfukoni. Kisha akavaa viatu vyake mlangoni na kutoka.