Sala ya Bwana Pole

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Juni, saa kumi na mbili na dakika tano jioni, mzee mmoja aliyewahi kuwa mmisionari alipobisha hodi kwa fundi cherehani kuomba ufunguo wa kanisa. Mpaka dakika hiyo moyo wake ulikuwa mtulivu. Hakuupata tena utulivu ule.

Alikuwa hajakanyaga eneo hilo kwa miaka thelathini na mmoja. Alihudumu pale miaka minne, akazika watu sita, na wa sita alikuwa mke wake. Mwezi uliofuata akafunga mizigo. Sasa miguu ilikuwa imeanza kumgomea, akataka kusali mara moja tu kwenye benchi alilokuwa akikalia marehemu mkewe.

Fundi alimtazama juu ya miwani, uzi mdomoni.

"Bwana Pole!" Ndilo jina walilompa, maana alimpa pole kila mtu, hata bwana harusi. "Umezeeka, baba. Na Kiswahili chako, bado kinachechemea?"

"Pole, mama. Siku hizi kinatembelea mkongojo."

Fundi akacheka. Aliposikia habari ya ufunguo, kicheko kikakatika.

"Ufunguo hauna kazi. Mlango ule haufungiki. Sisi tunasali darasani, kule shuleni."

"Kwa nini?"

Fundi akazima taa ya cherehani. Akasogea, akanong'ona.

"Mchungaji, sala yako ya makaburini unaikumbuka?"

Angeisahauje? "Ee Bwana, unaturudishia mtumishi wako..."

"Hapo hapo. *Unaturudishia.* Wenzako wote walisema *tunakurudishia*."

Mzee aliyapima maneno yale mdomoni, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Tunakurudishia: sisi tunampa Mungu. Unaturudishia...

Mungu anatupa sisi.

"Mbona hamkunisahihisha?"

"Nani amsahihishe mchungaji kaburini, mbele ya wafiwa? Tuliinamisha vichwa, tukacheka chinichini." Akachungulia nje. "Ulipoondoka tu, uliowazika wakaanza kurudi."

Hawakugombana na mtu, alisema. Giza likianza kuingia, walikuja wakakaa. Mume wake alirudi kwenye kiti chake kile kile. Kifungua mimba wao akazoea kukaa karibu na baba yake, na asubuhi moja hakuinuka. Wazee wa kanisa wakawasihi waliorudi wahamie kanisani. Wakakubali.

"Sasa binti yangu aliyebaki anawafuata huko. Yumo hivi tunavyoongea. Nikimvuta ananiambia, 'Subiri mama, baba hajamaliza.' Tumeleta wachungaji watatu, wamesali hadi sauti zikawakauka. Haikusaidia. Aliyewaita ni wewe, baba."

Kanisani kulinuka udongo uliofukuliwa sasa hivi. Sakafu ilikuwa ya saruji, kavu.

Migongo sita ilikuwa kwenye mabenchi. Na wa saba, binti, ameegemea bega lisilopumua.

Mzee alipita katikati yao bila kutazama pembeni. Mbele, akashika mimbari kwa mikono miwili.

"Wote," fundi alinong'ona kutoka mlangoni. "Usimbakize hata mmoja. Utaniulia mtoto."

Akaanza na wa kwanza. Akamtaja kwa jina lake la ubatizo. *Tunakurudishia...* Benchi likalia, kisha likawa tupu. Wa pili. Wa tatu. Alipomtaja mume wa fundi, binti alikohoa, akavuta pumzi kama aliyeibuka majini. Mama yake akamkamata mkono, akamburuta nje.

Wa tano akaondoka.

Akabaki mmoja, benchi la pili, kando ya dirisha. Mzee hakutazama uso. Aliona mkono tu. Mkono ule ulikuwa unapangusa vumbi kwenye benchi, pale pembeni yake, taratibu.

"Njoo ukae," sauti ikasema. "Miguu inakuuma."

Kweli ilimuuma. Miaka thelathini na mmoja hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mchungaji!" fundi aliita kutoka nje, analia. "Anataka kurudi ndani! Simuwezi!"

Mzee alifumba macho. Akafungua kinywa, na ulimi ukaelekea kule ulikozoea. *Una...*

Akaung'ata mpaka akaonja damu.

Benchi likalia. Mtu aliinuka. Nyayo zikaanza kusogea, wala si kuelekea mlangoni. Zilikuja kwake.

Harufu ya udongo ikamfikia usoni. Kitu baridi kikamgusa shavu, kwa upole, kama zamani.

"Ee Bwana, tunakurudishia mtumishi wako, mke wangu. Tunakurudishia, Bwana. Umpokee, umpumzishe, umwangazie nuru yako siku zote. Na mimi unifunge ulimi, nisije nikamwita tena. Amina."