Wavu Shingoni mwa Saikal

Kila asubuhi kabla ya shule Saikal alikamua ng'ombe, akachota maji mferejini, kisha akajifunga skafu ya sufu shingoni. Mwezi wa Mei ulikuwa umeshaingia huko Naryn milimani na theluji ilibaki vileleni tu, lakini skafu haikutoka. Chini yake kulikuwa na uvimbe. Akitulia haukuonekana. Akiinua ndoo, akikohoa au akicheka, ulichomoza juu kidogo ya mfupa wa kifua, kama yai la kware.

Bibi Kanyshai, aliyemlea, aliuona siku moja. Akachukua pamba na iodini, akamchora mistari ya kahawia iliyokatizana kama wavu, dawa ambayo kila nyumba pale huwachora watoto wenye kikohozi.

"Hilo ni rovu, uvimbe wa tezi ya shingo," alisema, akigusa kovu refu la kisu shingoni mwake. "Usimwonyeshe mtu. Madaktari wakiliona watakuchinja kama walivyonichinja mimi."

Tangu hapo Saikal hakuimba wala hakucheka. Alijiona kama panya mtegoni.

Kisha madaktari wakaja shuleni na mashine ya ultrasaundi, inayoonyesha ndani ya mwili, kupima shingo za wanafunzi wote. Mwalimu alisimama mlangoni. Hapakuwa na pa kupenya.

"Vua hiyo skafu, bibi harusi," rafiki yake Tolgonai alimtania kwenye foleni. "Umemficha mume humo?"

Saikal aliuma meno. Moyoni aliomba: Ee Mungu, wasione.

Daktari Gulbara alimlaza, akampaka majimaji mazito ya baridi, akapitisha kifaa shingoni. "Nani kakuchora ramani hii?"

"Bibi. Nilikuwa na kikohozi."

Daktari alicheka. "Mabibi wetu hawa! Haya, tezi yako ya shingo ni nzima. Nenda, mwanangu. Anayefuata!"

Dua ilikuwa imejibiwa. Mbona basi hakufurahi? Mlangoni Tolgonai alimfanyia uso wa mbuzi anayetafuna, kicheko kikampanda Saikal mpaka kooni, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hapo akaelewa. Mlango ulikuwa wazi, naye bado yumo mtegoni. Kesho skafu, keshokutwa skafu, na kiangazi chote.

Akageuka. "Daktari, nimekudanganya. Sikuwa na kikohozi. Kuna kitu hapa, hutoka nikijikaza. Lakini usinikate, nakuomba!"

Daktari hakumkaripia. "Rudi ulale. Ziba mdomo, ujikaze kama unainua gunia."

Uvimbe ukachomoza. Daktari aliufuata na kifaa, akashuka polepole mpaka nyuma ya mfupa wa kifua. Saikal alikodolea dari macho.

"Tazama," daktari alisema hatimaye, akamgeuzia kioo cha mashine. "Unaona vidoa vyeupe kama nyota? Na huku chini kifuani viko vilevile. Ni nyama ileile, imeungana. Hili si rovu wala si ugonjwa. Ni thaimasi, tezi inayoufundisha mwili wa mtoto kupigana na maradhi. Watoto wote wanayo kifuani. Yako imenyoosha shingo kuchungulia, basi. Ukikua itasinyaa yenyewe."

"Hamtanikata?"

"Tukate nini? Tutaiangalia tena majira ya vuli. Ila ungeondoka kimya, siku moja daktari asiyeijua angeidhania uvimbe mbaya, akaikata kweli."

Jioni Saikal alimsimulia bibi yake kila kitu. "Bibi, Mungu alinikubalia nisionekane, nami nikaiharibu dua yangu."

Bibi Kanyshai alitikisa kichwa. "Hukuiharibu, mjukuu wangu. Nilikuambukiza hofu yangu, na Mungu akakupa moyo ambao mimi sikuwa nao. Tukiumwa tusimwombe maficho, tumwombe ujasiri wa kusema kweli. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

Akainua viganja, akaomba dua fupi, akajipangusa uso. Kisha akakohoa kidogo, kwa haya.

"Na kesho unipeleke kwa huyo Gulbara wako. Hili goti linaloniuma nimelificha tangu wakati wa baridi."