Pikapu Nyekundu na Nyundo ya Cheche

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, karakana ya Fundi Kochi ilikuwa imeshaanza kelele zake. Karakana hiyo ilikuwa mbele ya nyumba yao. Fundi Kochi alipigilia misumari kwenye mbao. Mkewe alikanyaga cherehani. Mtaani walimwita mke huyo Sindano. Hakuwa mwembamba hata kidogo. Walimwita hivyo kwa sababu mshono wake ulinyooka kama mstari wa daftari.

Makochi yao yalisifiwa. Shida ilikuwa kuyafikisha kwa wateja. Walikuwa na mkokoteni tu. Fundi alivuta mbele, Sindano alisukuma nyuma.

Siku moja walipeleka makochi mawili kwa mwalimu mmoja. Walipofika katikati ya njia, mvua ilishuka bila hodi. Plastiki waliyofunikia ilichanika. Sponji ilikunywa maji mpaka ikashiba. Walirudi nyumbani na makochi yale yale, mazito mara tatu.

Sindano alifumua kitambaa chote akaanza upya. Fundi Kochi alimtazama, akaona aibu kama vile mvua ni yeye aliyeileta.

"Mke wangu, tumesukuma vya kutosha," alisema. "Tutumie akiba yetu. Tutafute pikapu."

"Hata ikiwa kuukuu?"

"Hata ikiwa kuukuu. Mradi iwe nzima."

Wiki moja baadaye Fundi Kochi aliingia nyumbani na uso wa bwana harusi.

"Nimeipata!" alisema kabla hajavua viatu. "Nyekundu! Inang'aa, unaweza kunyoa ndevu ukijitazama mlangoni."

"Na injini?"

"Tulivu. Paka anaweza kulala juu yake."

"Na chini?"

"Chini?" Fundi alishangaa. "Chini kuna magurudumu manne."

Sindano alicheka, lakini hakusahau swali lake. "Baba watoto, kabla hatujatoa hela, tumwombe Cheche akaiangalie."

"Cheche?" Fundi alikunja uso. "Cheche anachomelea mageti. Pikapu si geti."

Cheche alikuwa jirani yao wa nyumba ya tatu. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Mikono yake ilikuwa na vidoa vidogo vya moto, na ndipo lilipotoka jina lake. Kweli, siku hizi alitengeneza mageti. Lakini zamani alifanya kazi miaka tisa mahali palipotengenezwa bodi za malori. Alikuwa mwanamke pekee pale. Siku ya kwanza walimpa ufagio. Mwaka wa mwisho, lori likiletwa, wanaume wote walisimama kando kumsubiri yeye alale chini aseme kama linafaa.

Hayo Fundi Kochi hakuyajua. Sindano aliyajua, kwa kuwa yeye huuliza watu habari zao.

Cheche alikubali, ila alitoa masharti.

"Twende mchana kweupe," alisema. "Gari lililotumika halinunuliwi gizani. Na mwambieni mwenye gari alioshe chini, asioshe juu tu. Tope ni blanketi la kutu."

Kesho yake, saa nne asubuhi, walifika. Mwenye pikapu alikuwa muuguzi mstaafu, mzee mpole mwenye miwani. Watu walimwita Mzee Daktari, naye alikuwa amechoka kuwakatalia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Hii hapa."

Pikapu ilikuwa nzuri kweli. Hata Sindano moyo ulimruka. Cheche hakuigusa rangi. Aliizunguka mara moja, akaangalia kama imesimama sawa. Kisha akamgeukia mzee.

"Mzee wangu, naomba ruhusa nigonge na kuchokonoa kidogo huku chini. Sitaharibu chuma kizima."

"Gonga, mwanangu. Chuma kizima hakiogopi nyundo."

"Maneno hayo nitayaazima," Cheche alisema akitabasamu.

Gari lilikuwa kwenye uwanja tambarare, magurudumu yote chini. Cheche alivuta breki ya mkono, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Alitandika gunia. Akatoa tochi, brashi ya waya, bisibisi na nyundo ndogo. Akajilaza. Halafu akachomoa mkono akamwita Sindano.

"Shoga, njoo. Gari ni lenu. Macho yawe yenu pia."

Sindano aliingia chini. Aliona vyuma viwili virefu, vimetoka mbele mpaka nyuma.

"Hii ndiyo chasisi," Cheche alisema. "Ni mifupa ya gari. Injini, bodi, springi, mzigo na nyinyi wenyewe, vyote vimekaa juu yake. Taa ikifa utanunua taa. Mlango ukibonyea utanyoosha. Mifupa ikioza, gari linaweza kukatika njiani."

Alianza mbele. Palikuwa na rangi ya kahawia kama vumbi. Alisugua kwa brashi, chuma kikatokea kikiwa kijivu na laini.

"Hii ni kutu ya juu. Haitishi. Unasugua, unapaka rangi. Sasa sikiliza."

Aligonga. *Ting!* Sauti ilikuwa kali na safi.

"Chuma kizima kinaimba," alisema.

Wakasogea nyuma polepole. *Ting. Ting. Ting.* Fundi Kochi, aliyesimama nje, alianza kutabasamu. Walipofika juu ya ekseli ya nyuma, pale springi zinaposhikana na chasisi, chuma kilikuwa kimepakwa lami nyeusi, nene.

Cheche aligonga. *Pwap.*

Aligonga tena. *Pwap.* Ilikuwa sauti ya kugonga ukuta wenye maji.

"Mzee," aliita kutoka chini, "lami hii nani aliipaka?"

"Niliikuta. Aliyeniuzia alisema ni kinga."

"Ni kinga ikipakwa juu ya chuma safi. Ikipakwa juu ya kutu, ni shuka juu ya kidonda." Alimpa Sindano bisibisi. "Sukuma hapa. Usitumie nguvu."

Sindano alisukuma. Bisibisi ilizama kama kisu kwenye sabuni. Magamba ya kutu yalimwangukia begani, moja kubwa kama ganda la mti.

Walitoka. Cheche alijifuta uso, akaeleza alichoona. Mzee Daktari alivua miwani. Upole ulimtoka.

"Binti, unataka kusema mimi ni mwongo? Gari hili nalitumia kila siku."

"Hapana, Mzee. Nadhani wewe ndiye uliyedanganywa wa kwanza."

Fundi Kochi aliona haya. "Cheche, basi," alisema kwa sauti ya chini. "Umetia chumvi. Gari limekuja hapa likitembea lenyewe."

Cheche hakukasirika. "Shemeji, mteja akija kununua kochi lako, unamwonyesha nini kwanza?"

"Namgeuzia kochi. Aone mbao."

"Kwa nini usimwonyeshe kitambaa?"

Fundi aliinama, akachungulia chini ya gari.

"Mzee, una jeki?" Cheche aliuliza.

Mzee aliileta mwenyewe, kwa hatua za mtu aliyeudhika. Cheche aliwasogeza wote mbali.

"Mtu asiweke hata mkono chini. Gari likishikwa na jeki peke yake, haliingiliwi chini, hata kama ni jipya."

Aliiweka jeki chini ya chasisi, nyuma kidogo ya gurudumu. Akakaa kando, akaanza kuzungusha mpini wake mrefu. Jeki ilipanda, ikagusa chuma. Akazungusha tena. Palisikika mlio kama mtu anatafuna biskuti kavu.

Jeki ilipanda. Gari halikupanda.

Kichwa cha jeki kilizama ndani ya chasisi, na kutu ikamwagika chini kama unga. Mzee Daktari alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya ndoo.

"Wajukuu zangu wawili," alisema. "Nawapeleka shule kila asubuhi. Humu."

Sindano alienda akachutama karibu naye. Fundi Kochi alikuwa ameshika kichwa. Alimkaribia Cheche.

"Shemeji, nisamehe. Nilisema pikapu si geti."

"Ulisema kweli," Cheche alijibu. "Geti likianguka linaangukia upande mmoja, nawe unalikimbia."

Hata mzee alicheka, ingawa macho yake yalikuwa na maji.

"Aliyeniuzia aliniambia gari lilibeba samaki na barafu," alisema. "Nikafurahi, nikadhani si mzigo mzito."

"Maji ya chumvi, Mzee. Yalichuruzika kutoka bodi mpaka chasisi, yakakaa ndani. Ndiyo maana ni vizuri kuuliza gari lilifanya kazi gani na wapi. Chumvi, mbolea, tope la kila siku, vyote hula chuma."

"Basi nichomelee kiraka. Nitakulipa sasa hivi."

Cheche alitikisa kichwa. Kazi alikuwa hana wiki ile, na Sindano alilijua hilo.

"Mzee, kiraka kinataka chuma kizima cha kushikia. Hapa hakuna. Nikichomelea, nitakuwa nimekuuzia usingizi tu. Injini yako ni nzima. Tafuta chasisi nzima, yenye karatasi zake halali, tuhamishe. Kwa sasa, tafadhali, watoto waende shule kwa miguu."

Mzee aliutoa ufunguo mfukoni, akauangalia, akamkabidhi Cheche. "Kaa nao wewe," alisema. "Nisije nikashawishika mvua ikinyesha."

Walipokaribia nyumbani, Fundi Kochi alisema, "Mke wangu, ungenisikiliza mimi, tungekuwa sasa tunaendesha sabuni."

"Ndiyo maana Mungu alikupa mke mbishi," Sindano alijibu.

Wiki tatu zilipita. Wakasikia kuna pikapu inauzwa na mkulima wa mboga. Walienda wote watatu. Fundi Kochi alipoiona alivuta pumzi. Ilikuwa na rangi ya sufuria iliyoungua. Mlango mmoja ulibonyea. Kiti cha dereva kilitoa sponji nje kama ulimi.

"Kiti nitakishona," Sindano alisema haraka. Aliomba ruhusa kwa mkulima. Kisha akamwangalia Cheche.

Cheche alimpa nyundo. "Leo mgongo wangu uko likizo. Ingia wewe."

Sindano alikaza mkanda wa aproni yake, akaweka mawe kwenye magurudumu, akajilaza. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Alianza mbele, taratibu. Aligonga, akasikiliza. Alimulika ndani ya chasisi kupitia matundu yake. Alipapasa maungio. Alitafuta viraka vya kuchomelea na lami mpya. Alikaa muda mrefu zaidi juu ya ekseli ya nyuma, kwenye vishikizo vya springi, na pale bodi inapofungwa kwa boliti.

Ghafla nyundo iliacha kugonga.

"Kuna kutu hapa," alisema. "Nyingi."

Fundi Kochi alimtazama Cheche kwa hofu. Waliisikia brashi ikisugua. Kisha *ting*. Kisha *ting* tena. Kisha kimya, bisibisi ikifanya kazi yake.

"Ni ya juu!" sauti ya Sindano ilitoka chini. "Imetoka yote. Bisibisi haizami. Na chuma kinaimba!"

Cheche alijilaza, akakagua upya kila mahali, kwa sababu mtu hajifunzi kwa kusifiwa tu. Aliposimama alikung'uta mavumbi.

"Nilichokuwa natafuta, amekiona chote," alimwambia Fundi Kochi. "Mimi ilinichukua mwaka mzima kuitofautisha sauti ile."

Fundi Kochi alimtazama mkewe akitambaa kutoka chini ya gari, nywele zimejaa vumbi, uso una mstari mweusi wa mafuta. Hakukumbuka kama siku ya harusi mkewe alipendeza hivyo.

Waliinunua. Kabla ya kubeba mzigo wowote, walisugua chasisi siku nzima na kuipaka rangi ya kuzuia kutu. Tangu hapo, pikapu ikitoka kwenye tope, Sindano huiosha chini kwanza. Kila baada ya miezi michache hulala kwenye gunia na tochi yake. Makochi sasa hufika kwa wateja makavu, yamefunikwa turubai, hata mvua inyeshe vipi. Oda zimeongezeka. Mwalimu yule aliagiza kiti kingine.

Na ile nyekundu? Kabla Mzee Daktari hajapata chasisi nyingine, alikuja mnunuzi mwenye haraka. Aliiona rangi, akatoa hela papo hapo.

"Kaangalie chini kwanza," mzee alimwambia.

"Sina muda wa kuchafuka, Mzee. Nimeipenda hivi hivi."

Mzee alizihitaji hela zile. Alimshika mnunuzi mkono, akampeleka nyuma ya gari, akapiga magoti pamoja naye kwenye vumbi, akamwonyesha tundu.

Mnunuzi aliondoka akinung'unika kwamba amepotezewa muda. Lakini aliondoka kwa miguu yake, mzima.