Ngazi ya Tela la Muharami

Mvua iliyonyesha usiku kucha ilikuwa imekatika muda si mrefu pale Mbalizi, dereva Jailos alipopiga yowe. Sekela, mama muuza uji, aliacha mwiko ndani ya chungu akakimbilia kwenye tela la mpiga picha. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, Muharami mwenyewe alikuwa amelala kifudifudi, kichwa kimeelekea mlangoni. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka, na baadhi ya kucha zimeng'oka. Karibu na miguu yake lilikuwapo jiko la mkaa, majivu yamekwisha poa.

Ilikuwa Aprili, mwaka 1955. Sajini Isakwisa alifika kutoka Mbeya saa mbili asubuhi, nyuma ya gari la polisi. Mbele alikaa Bwana Inspekta, ambaye njia nzima alikuwa akinung'unika: Iringa wanamsumbua kwa simu juu ya katekista aliyegongwa na gari lisilojulikana akiwa juu ya baiskeli yake kwenye barabara ya Idodi, na sasa limezuka hili. Alichungulia ndani ya tela, akatoka akijifuta pua, akamsikiliza Jailos kidogo, kisha akaagiza fundi Halfani, aliyeifunga ngazi ya tela jana, atiwe pingu.

"Ngazi mbovu, mlango ukakwama, mtu akafa," alisema. "Kesi iko wazi. Basi la mchana likija, mlete huyo fundi pamoja na maelezo yake."

Akaondoka. Isakwisa alibaki na askari mmoja, na jambo lisilomkalia vizuri rohoni. Alijua vilevile kwamba akirudi Mbeya na maelezo asiyoyataka mkubwa wake, tepe za mkononi mwake zingeweza kung'oka kama zilivyoshonwa. Njia zote mbili zilikuwa mbaya, na basi lilikuwa njiani.

Alilizunguka tela polepole. Muharami alikuwa mtu wa Mlandege, Iringa, mjukuu wa wafanyabiashara waliopanda bara kutoka pwani. Tela lile alilinunua kwa mzungu mpima ardhi aliyekuwa akirudi kwao. Akaziba madirisha yote kwa mbao na vitambaa vyeusi apate giza la kusafishia picha, akaweka kitanda, na tangu hapo akawa anatembea nalo masokoni, kutoka Iringa mpaka Mbalizi. Hoteli zenye vitanda visafi zilikuwa za wazungu. Kwake, tela ndilo lilikuwa hoteli. Lakini kwa kuwa madirisha yamezibwa, mlango ulikuwa mmoja tu. Mtu aliyewasha mkaa mle na kushindwa kutoka alikuwa ndani ya kaburi lenye magurudumu. Isakwisa alikulia Tukuyu kwenye baridi. Alikwisha kuona nyumba ambayo watu walilala na jiko, hakuamka hata mmoja.

"Nieleze tena," alimwambia Jailos.

Jailos alikuwa kijana mrefu, amevaa makubazi ya tairi, macho yamemwiva. "Jana, afande, ngazi mpya ilifungwa. Ile ya zamani ilikuwa mbovu, imeliwa na mchwa. Mimi sikuwepo, nilikwenda Mbeya kutafuta petroli. Nimerudi jioni, nikalala ndani ya gari, hapo mbele. Asubuhi nikapanda ngazi nimwamshe mzee. Mlango ukagoma. Chuma cha ngazi kilikuwa kimeung'ang'ania chini. Nikavuta kwa nguvu, ukafunguka. Ndiyo nikamkuta."

"Ngazi uliikutaje? Juu au chini?"

"Chini, afande. Kama unavyoiona."

"Hukumsikia akigonga usiku?"

"Mvua ilikuwa inapiga bati kama mawe. Ungesikia nini?"

Isakwisa alisogea mlangoni. Aliufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Ulifunguka kwa nje, laini, bila kugusa chuma chochote. Kisha akarudi nyuma na kuutazama mlango wenyewe. Mvua ilikuwa imeuosha, rangi yake ya kijani iking'aa kama jani la mgomba. Ila chini palibaki mraba mpana wa vumbi jekundu la barabarani, ambalo halikuguswa na tone. Aliinama kwenye ngazi. Ilikuwa ubao mmoja mpana juu ya fremu ya chuma. Juu ya ubao palikuwa na tope lililokauka, na katika tope hilo unyayo mdogo wa mguu mtupu, vidole vyote vinaonekana. Tope jipya la kubazi la tairi lilikuwa limeufunika nusu. Akapitisha kiganja upande wa chini wa ubao. Huko palikuwa safi, pameoshwa mpaka nyuzi za mti zinaonekana.

Alisimama, akajifuta kiganja.

Fundi Halfani alikuwa amefungwa pingu kwenye nguzo ya karakana yake, hatua chache kutoka pale. Mikono ilikuwa nyuma, na kofia yake imeanguka chini wala hawezi kuiokota. Isakwisa aliiokota akamvika.

"Fundi, uligombana na marehemu?"

"Tulibishana, afande, sikatai. Alisema ngazi iko juu mno. Nikamwambia wewe ndiye mfupi. Akacheka." Halfani alitikisa kichwa. "Tangu asubuhi nawaambia watu alicheka. Nani anisikie?"

"Inafanyaje kazi hiyo ngazi?"

"Ukitaka kusafiri unainyanyua, inasimama imeegemea mlango, unachomeka kipini cha chuma cha kuishikilia. Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Komeo la mlango lilikuwa bovu. Kwenye makorongo mlango ulikuwa unajifungua, vyombo vyake vinamwagika njiani. Ngazi ikisimama, mlango haufunguki mpaka uishushe."

"Kwa hiyo mtu akiwa ndani, ngazi ikanyanyuliwa…"

Halfani alimtazama kwa hofu. "Afande, unataka kuninyonga kwa maneno yangu mwenyewe?"

"Jibu tu."

"Hatoki," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Hata awe ng'ombe dume."

"Na jana magharibi, mvua ilipoanza, ulikuwa wapi?"

"Msikitini. Mvua ikatufungia humo humo mpaka baada ya isha. Waulize jamaa wote."

Askari aliulizia, akarudi na jibu kwamba ni kweli. Lakini alirudi na mtu mwingine pia. Huyo alikuwa Tadeo, mkulima wa milimani, mzee mwenye koti la sufi lililochakaa, ambaye soko zima lilimwona jana akipiga tela kwa fimbo. Muharami alikuwa ametundika nje picha ya Damari, binti wa mzee huyo, ili ivute wateja.

"Ulisema utamfungia humo humo na picha zake," Isakwisa alimwambia. "Watu wamesikia."

"Nilisema," alijibu Tadeo bila kupepesa. "Binti yangu anaposwa, halafu kila mlevi anamkodolea macho! Lakini yule mtu alinipa picha yangu, akaniomba radhi kama mtu mzima. Nikaondoka jua lingalipo. Nilipovuka tu mto, maji yakajaa. Tumelala wengi kwa mwalimu wa misheni, tumebanana kama kuku kwenye tenga. Nimerudi leo asubuhi daraja lilipoonekana." Akatoa picha kifuani. "Hii hapa. Kwa nini nimuue mtu aliyenirudishia heshima yangu?"

Isakwisa alimwacha akae. Jua lilikuwa likipanda, na basi halingechelewa. Akamfuata Sekela kwenye chungu chake cha uji.

"Mama, jana ulipanda kwenye lile tela?"

"Nilimpelekea uji, baba, jioni, jua likizama. Nilitoka kisimani kuchota maji, miguu yangu ilikuwa na tope, nikaona haya kumchafulia ngazi yake mpya. Akasema, 'Kanyaga tu, Mama Sekela, ngazi ni ya kukanyagwa.' Akanirudishia kikombe, akasema anafunga aanze kazi yake ya giza. Nafika hapa nifunike vyungu, mvua hiyo! Sikutoka tena."

"Jailos alikuwa wapi?"

"Hapo hapo kwenye gari. Siku nzima alikuwa hapo."

"Hakwenda Mbeya?"

"Aende na nini, na gari limesimama? Ndiye aliyemshikia fundi vyuma." Sekela akapunguza sauti. "Mwee, sipendi kusema ya watu. Lakini walikuwa hawapatani. Nilimsikia marehemu akimwambia, 'Kesho twende pamoja kituoni. Hutaki, nitakwenda peke yangu.' Nikadhani ni mambo ya leseni."

Isakwisa alirudi karakana karibu akimbie. "Fundi! Ngazi ya zamani iko wapi?"

"Jailos alisema niitie motoni. Nikaona haya, mti mzuri vile wa mninga. Iko nyuma ya mivukuto ya moto."

Isakwisa aliivuta nje mwenyewe. Mchwa hawakuwahi kuigusa. Ubao ulikuwa mzima na mgumu, ila kona ya mbele imepasuliwa kwa kishindo kimoja, na bolti lake limepinda. Kwenye bolti hilo palikuwa pamejisokota spoki ya baiskeli, na chini ya spoki kipande cha kitambaa cheupe chenye doa la kahawia.

Alichuchumaa pale kwa muda. Sasa alijua, lakini kujua na kuthibitisha ni ndugu wasiokaa nyumba moja. Akamfungua Halfani pingu, akawaita wote kwenye tela, maiti ikatolewa na kulazwa kivulini bila mtu kukanyaga ngazi.

"Nitaingia," alisema. "Fundi, nyanyua ngazi, chomeka kipini. Asinifungulie mtu mpaka niseme."

Mlango ulifungwa. Chuma kikalia nje, kikanyamaza.

Giza lile halikuwa giza la usiku. Usiku una nyota. Dawa za picha zilimkaba koo, na harufu ya mkaa uliokufa ilikuwa bado imeshika kwenye vitambaa. Aliusukuma mlango kwa bega. Haukucheza. Alipapasa, na vidole vyake vikaangukia mahali ubao ulipokwanguliwa, mikwaruzo mirefu, mmoja juu ya mwingine. Jasho likamtoka. Alijua kuna watu nje, alijua ni mchezo wake mwenyewe, na bado moyo ulimpanda mpaka masikioni. Akaanza kugonga. Aligonga kwa ngumi, kisha kwa viganja, kama alivyogonga yule mwingine, na alipoanza hakuweza kujizuia.

Nje, sauti ilipasuka. "Mfungulie! Jamani, mfungulieni!"

Halfani hakuwahi kusogea. Jailos ndiye aliyejitupa chini, akachomoa kipini, akaishusha ngazi.

Isakwisa alitoka akihema. Alikaa kizingitini mpaka pumzi ikarudi.

"Inasikika vizuri kumbe," alisema.

Jailos alikuwa bado ameshika kipini mkononi.

"Uliniambia ngazi uliikuta chini. Tazama mlango. Mvua imeuosha wote, ila hapa chini, kipimo cha ubao huu. Tazama juu ya ubao. Mguu wa Mama Sekela wa jana jioni, kabla ya mvua, upo mpaka leo. Ingekuwa chini usiku kucha, tungekuta hata kidole kimoja? Upande wa chini ndio uliooshwa, kwa sababu ndio uliotazama nje. Ngazi hii ilinyanyuliwa baada ya mama kuondoka na kabla mvua haijaanza. Wakati huo fundi yuko msikitini, Tadeo yuko ng'ambo ya mto. Ikashushwa asubuhi na mtu mwenye makubazi ya tairi, aliyeikanyaga akiwa na tope jipya. Hapa kuna mtu mmoja tu wa makubazi hayo."

"Ni fundi huyu!" Jailos alibwata. "Kazi yake mbovu!"

"Ulisema ulikuwa Mbeya. Mbona ulimshikia vyuma? Ulisema mchwa." Isakwisa alimwonyesha bolti lile lililopinda. "Mchwa gani wanaopanda baiskeli?"

Jailos aliitazama spoki. Akakaa topeni.

"Alitokea gizani," alisema mwishowe. "Barabara ya Idodi, pembeni kabisa. Gari lilimpita salama, afande, naapa. Ngazi ya tela ndiyo iliyomkumba. Mzee akaniambia simama. Sikusimama. Aliniambia kila siku, 'Jailos, nenda kaseme, yule mtu ana watu wake.' Nikawa namwambia kesho. Jana akasema kesho yenyewe imefika."

"Ukamfungia."

"Nilitaka asitoke, nipate kukimbia. Nipande lori lolote, niende Tunduma, nivuke mpaka. Ikaja mvua, hakuna lori. Nikakaa ndani ya gari."

"Ulijua ana jiko."

Jailos alifumba macho. "Mimi ndiye niliyemwashia."

Tadeo alivua kofia.

"Alikuita?" Isakwisa aliuliza.

"Aliniita jina langu. Alisema, 'Jailos, mwanangu, ngazi imejinyanyua, njoo uishushe.' Hakujua kuwa ni mimi." Akautazama mlango. "Nikajiambia, akigonga mara moja tena nitakwenda. Akagonga. Nikajiambia, mara moja tena. Mpaka akanyamaza. Baada ya hapo ningekimbilia wapi? Nikangoja pakuche, nikapiga yowe."

Askari alimfunga pingu zilezile alizofunguliwa fundi. Basi la Mbeya lilikuja likinguruma, tope limelifunika mpaka madirishani, na Isakwisa akampandisha Jailos kwa kumshika mkono, maana hakuwa akiona anapokanyaga. Alibeba ile ngazi ya zamani begani mwake. Alijua Inspekta angemkemea, na alijua pia kwamba Iringa wangeipokea kwa mikono miwili.

Kabla basi halijaondoka alichungulia nje, amwambie Halfani aende nyumbani akapumzike. Hakumwona karakana. Fundi alikuwa amekwisha vuka barabara, anapita duka hadi duka akiulizia marekani nyeupe ya sanda, kwa sababu Mlandege ni mbali, marehemu hakuwa na ndugu pale Mbalizi, na ilitakiwa azikwe kabla ya magharibi.