Pikipiki ya Norvège

— Na nyuma ya hiyo pikipiki utabeba nani?

Fabiola aliuliza akiwa amesimama kwa mlango wa atelier ya baba yake, mutaa wa Cimpunda, simu kwa sikio moja, kidole kimeziba lingine sababu ya makelele ya nyundo. Upande wa pili Patrice alicheka kidogo. Kicheko cha mutu anayetafuta jibu.

— Mizigo tu, chérie. Tente, sufuria, nguo za baridi. Kule Ulaya, kaskazini ya Norvège, mwezi wa tisa majani inageuka rangi, barafu inaanza kushika barabara. Mwanamuke gani atakubali kuteswa vile?

— Mimi ningekubali.

— Wewe hauna visa.

— Na wewe hauna aibu. Mwezi wa tisa ndiyo ulisema nitakuona hapa na wazee wako mbele ya papa wangu, kuniposa. Leo unaniletea habari ya pikipiki.

— Siku kumi na mbili tu. Wenzangu wa kazi walishapanga. Nikitoka kule, nakata billet ya ndege.

Patrice, muchumba wake, aliagwa Bukavu miaka miwili nyuma, akapitia Uvira, akaenda zake. Tangu hapo anapiga na namba ya Norvège. Picha alituma: mutu kwenye theluji, skafu imefunika uso, macho tu ndiyo yanaonekana. Vidéo hataki. Eti akimuona Fabiola atalia, kazi itamushinda.

Fabiola alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mwalimu mumoja mupole wa Bunyakiri alimuposa mwaka jana, Fabiola akamukatala sababu ya Patrice. Mwalimu alishaoa. Hiyo haikumuuma sana, ila aliikumbuka.

Jioni message iliingia:

«Siku ya kwanza kilomètre 280. Siku ya pili tunavuka maji na bac. Kuko wanyama wa mapembe makubwa, wanalala katikati ya barabara. Siku ya tano ni mulima mubaya, upepo unaweza kutupa mutu. Mwaka jana mumoja alianguka, hawakupata hata mwili. Lakini usiogope.»

Aliisoma mara mbili. Mutu anayeficha mwanamuke anasema kidogo, aliwaza. Huyu anasema mingi. Anaficha nini?

Akaandika: «Funga mizigo kwa pikipiki, unitumie picha.»

«Ya nini?»

«Nione kama inabaki nafasi ya mutu.»

Jibu lilikawia. Kesho yake asubuhi picha ilifika: mufuko mweusi umefungwa nyuma ya kiti, imepigwa karibu sana, hata barabara haionekani. Fabiola akaipeleka kwa baba yake. Muzee Edouard ana miaka makumi tatu ya kutengeneza pikipiki. Alipangusa mikono, akashika simu mbali na macho.

— Papa, hapa mutu wa pili anaweza kukaa?

— Hapana. Hii pikipiki ni ya nani?

— Ya Patrice. Kule Norvège.

Muzee akapanua picha na vidole viwili.

— Norvège wanafunga mizigo na chambre à air, mupira wa ndani ya tairi?

— Mi sijui, papa.

— Angalia. Imekatwa mikanda mikanda, imepitishwa chini ya kiti mara mbili, fundo liko pembeni. Na hapa nyuma, unaona hii kipande ya muti?

— Naiona.

— Ni kabari. Unaipiga hapo muzigo usirudi nyuma ukipanda matope. Kwa goudron, barabara ya lami, haina kazi. Wanaofunga hivi ni motards, wabeba mizigo wa huku kwetu, njia ya Kamituga. Hizi kabari nimezitoa kwa pikipiki zao mpaka nimechoka.

— Labda alijifunzia huku kabla ya kwenda.

— Mutoto, Patrice alikuwa anauza unités, vocha za simu. Hata kupanda nyuma ya pikipiki alikuwa anaogopa. Alijifunzia wapi?

Muzee akatafuta namba ya Cirhuza, motard wa Kamituga, mutu wake wa siku nyingi, akaweka sauti ya inje.

— Cirhuza, ni muzee Edouard. Unajua kijana anaitwa Patrice? Murefu, ana kovu kwa kidevu.

— Patrice wetu? Iko hapa parking, anangoja mvua ipite. Nimupatie?

Muzee alimunyooshea binti yake simu.

— Allo, ni nani?

Sauti ni ile ile. Nyuma yake mvua inapiga mabati.

— Baridi iko namna gani kule? Fabiola aliuliza.

Pikipiki moja ikapita, ikapiga honi.

— Fabiola.

— Nimekuuliza baridi.

— Niko Kamituga.

— Tangu lini?

— Tangu mwanzo. Pale Uvira, yule mutu wa kunisafirisha alipotea na karatasi zangu. Na nilikuwa nimeagwa na avenue muzima, majirani wote. Padri alinibariki, maman yako alinichinjia kuku. Kesho yake nirudi, niseme nini?

— Useme umerudi.

— Ilinishinda.

— Na namba ya Norvège?

— Ya cousin. Ye iko kule kweli. Alinipatia code ya kufungulia WhatsApp na namba yake huku. Picha pia ni zake.

— Kwa hiyo miaka miwili nabusu macho ya cousin.

Muzee Edouard aligeuka, akajifanya anatafuta ufunguo.

— Na hii safari ya pikipiki? Ulitaka kufika nayo wapi?

— Siku ya tano, Patrice alisema polepole. Ule mulima. Cousin angekupigia, aseme nilianguka.

— Hawakupata hata mwili.

— Ungelia kidogo, halafu ungeolewa. Nilikuwa nakufungulia njia.

— Kidogo. Umeshanipimia mpaka kilio. Nivae nyeusi, papa aombee misa mutu anayekula sombe Kamituga.

— Unisamehe.

— Siwezi kusamehe mutu kwa simu ya Cirhuza. Kuja.

Patrice alifika siku ya tatu, matope mpaka magotini. Hakungoja kupewa kiti. Alisimama mbele ya atelier akasema yote, ya Uvira, ya cousin, ya mulima, majirani wakisikia. Alipomaliza, muzee alitikisa kichwa.

— Nimesikia. Mwenye kujibu si mimi.

Fabiola alikuwa na macho mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia.

— Nilikuwa na muchumba Norvège. Ulitaka nimulilie. Hizi siku tatu nimemulilia, imeisha. Wewe sikujui. Unaitwa nani?

— Patrice.

— Kazi?

— Motard. Njia ya Kamituga.

— Unatafuta nini hapa?

Patrice alimuangalia muzee, akamuangalia Fabiola.

— Nataka kuoa binti ya huyu muzee.

— Bon. Wenye kutaka hivyo wanakuja na wazee wao, Jumapili, baada ya misa. Wanaulizwa. Na mimi nitauliza mingi.

— Nikija, utakubali?

— Sijui. Nataka kwanza nione kama unafikaka.

Jumapili Fabiola alipotoka misa, alikuta wazee wawili kwa benchi ya atelier na Patrice katikati yao, ameoga, shati imefungwa mpaka shingoni. Hakumusalimia. Alivuta kiti, akakaa mbele yake karibu sana, akamutazama uso muzima, kwa muda mrefu, kabla ya kumuuliza swali la kwanza.